Shahidi Mmoja wa Freyde

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba mkwe wangu, Rabi Zundel Pomerants, aliyezaliwa Keidan tarehe 3 Machi 1862, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma chuo cha Torati cha Volozhin tangu 1879, akamwoa Hinde mwaka 1884, wakajaliwa binti mmoja tu, Rokhl.

Mwaka 1890 akawa hakimu wa sheria zetu za Kiyahudi hapa Ponevezh, na tuseme kweli, hakuwa mtu wa kuchekacheka.

Mwaka 1895 aliletewa shauri la Freyde, mshonaji, ambaye mumewe Mendl alikwenda Saratov asirudi, na aliyemwona amekufa kwa kipindupindu ni mtu mmoja, Basheve muuza samaki wa chumvi. Torati inataka mashahidi wawili, lakini marabi wa kale, wakiona wanawake wanazeeka si wake wala si wajane, walikubali mmoja, hata mwanamke, kwa sharti zito, kwamba mume akirudi, mke huwapoteza wanaume wote wawili, na watoto wa ndoa ya pili huwa haramu, hawaozwi kwetu. Hakimu mwenzake akamkemea, "Zundel, Torati imesema wawili, wewe nani?" naye akajibu, "Na hao waliokubali mmoja, huruma yao waliiokota sokoni? Waliisoma humo humo." Akamhoji Basheve siku tatu, mpaka mama wa watu akapiga kelele, "Nilimfumba macho kwa mikono hii, Rabi, au nikakuletee maiti?" ndipo akamfungua Freyde kutoka ndoa ile, akaolewa upya.

Tangu hapo, ukiacha miaka ya vita, kila Ijumaa alikwenda stesheni kutazama wanaoshuka, nasi tukidhani anapenda treni.

Januari mwaka huu alishikwa na nimonia, Ijumaa iliyopita akanituma mimi stesheni, niliporudi akauliza, "Ameshuka?" nikasema hapana, akatabasamu, "Basi nenda kale, mwanangu." Alifariki jana, tarehe 20 Februari 1934.

Tunamshukuru daktari Kagan, majirani waliotuletea supu, mahakimu wenzake, na chama cha mazishi kilichomwosha.

Wengi mnajua kwamba mimi, Leyzer, ni mtoto wa Freyde kwa mume wa pili, na mwaka 1922, kabla hata sijathubutu kuomba, mzee huyu aliyeogopa kila treni alinipa Rokhl, binti yake wa pekee. Baba, lala salama, asubuhi hii nimepita stesheni, na Mendl hakushuka.