Neno Nililolifanya Liwake

Ndugu zangu, miezi yote hii nimekaa hapa nikisikiliza ya wenzangu, ya kwangu nikiyameza. Leo nivumilieni, nayatoa.

Kazi yangu ni kudizaini mabango, pale Ipagala. Nilichokuwa nakiweza hasa ni maandishi. Naandika neno kwenye kompyuta, nageuza kila herufi kuwa mchoro, naipa unene, dhahabu, kivuli, mpaka unaona kama inakujia.

Akaja muuza dawa za chupa. Alitaka neno moja la kubandika kwenye chupa na mabango yake: UMEPONA.

"Dada, liwake," akasema. "Mgonjwa akiliona tu, aamini."

Dawa yenyewe aliniambia huku anacheka kwamba anachemsha majani yoyote anayoyapata. Nami nikacheka. Nawaambia kweli, siku ile sikumfikiria mgonjwa. Niliufikiria mwanga. Nikatandaza miale nyuma ya herufi, nikatia weupe kwenye kingo, nikaipenda kazi yangu.

Haukupita muda, shangazi akanitembelea kutoka Haneti. Alikuwa na sukari, akijichoma sindano kila siku. Nikamwamkia, nikamtengea chai. Akatoa kwenye kapu chupa yenye neno langu.

"Mwanangu, ona yanavyowaka. Tapeli atayapata wapi maandishi kama haya? Sindano nimeacha."

Nikasema, "Shangazi, usiache sindano."

"Hutaki nipone?"

Nikamwongezea chai. Niliona aibu kumwambia kwamba maandishi yale ni ya mkono wangu, na dawa ni majani tu.

Hakumaliza mwezi.

Tangu hapo kila neno nililolifungua liliwaka. Jina la bibi harusi, tangazo la vifaranga, yote yaliwaka, na ndani yake namsikia akiuliza, "Hutaki nipone?" Nikaizima kompyuta. Nikawa naanza na pombe asubuhi kabla ya uji. Mengine mnayajua, ndiyo yaliyonileta kwenu, kwenye kikundi hiki cha kuacha pombe.

Siku moja akaja binti wa shangazi, niliyekua naye. Alitaka nimwandikie jina la mama yake kwa ajili ya msalaba. Sikuweza kuandika. Nikamweleza yote.

"Ulijua dawa ni ya uongo?"

"Nilijua."

Akainuka, akaiwasha kompyuta yangu. Kisha akasema, "Sijakusamehe. Lakini andika. Herufi za kawaida, nyeusi. Halafu twende polisi."

Niliandika nikilia. Kisha tukaenda, nikatoa maelezo, nikaonyesha na michoro yangu. Yule muuza dawa alikamatwa, na mabango yake tuliyabandua sisi wawili kwa kucha.

Nawashukuru ninyi mlionipokea nikinuka pombe. Namshukuru dada yangu huyo, amekaa pale mlangoni, amenisindikiza. Bado hajanisamehe, wala simsukumi.

Shangazi bado namsikia. Si kila siku, lakini namsikia.

Ninalowaomba ni hili: kama unaficha jambo linaloweza kumdhuru mtu, mwambie angali anakusikia. Shangazi alikuwa mbele yangu, kikombe mkononi. Aibu ile ingeisha kabla chai haijapoa.