Mzee Manasseh Nyamongo: Aliyoyaokota na Asiyoyafanya

Mzee Manasseh Nyamongo alizaliwa Gesima tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili wa Mzee Machogu na Mama Nyaboke, ambao wote wametangulia. Hakuzaliwa katika umaskini. Baba yake alikuwa na ng'ombe, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda chai upande huu. Tunalisema hili mapema ili mtu asije akasingizia njaa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Gesima hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1967. Wenzake wanakumbuka kwamba baba yake alimnunulia penseli mpya, naye akaificha sandukuni na kuandika kwa vipande vilivyotupwa na wengine. Mtihani wa mwisho aliufanya kwa kipande kifupi kilichomponyoka kila mara, akawa anakitafuta chini ya dawati wenzake wakiandika. Hakuitwa kidato cha kwanza.

Mwaka wa 1971 aliajiriwa kuwa karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 2007. Alikuwa na mshahara, na kila mwaka alipata bonasi ya chai yake. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumwona akinunua kiatu. Alivaa vya kuokota, mara nyingi cha kushoto kutoka Kebirigo na cha kulia kutoka Kisii mjini. Alitembea akiangalia chini, hata ukimsalimu. Misumari iliyopinda, vishikio vya ndoo, betri zilizokwisha, mwavuli usio na kitambaa, vyote vilikuja nyumbani. Tulipomuuliza vya nini, alijibu, "Vitafaa." Havikufaa.

Tarehe 12 Desemba 1976 alimwoa Bochaberi, wakajaliwa watoto watatu: Marion, Duncan na Maureen. Siku ya harusi wageni walimtunza bibi harusi kwa sarafu, na bwana harusi akapiga magoti kuziokota kabla wimbo haujaisha. Mama yetu alisimama peke yake mbele ya watu akimsubiri. Hajawahi kulalamika juu ya siku hiyo. Hajawahi pia kutabasamu akiitaja.

Alipostaafu aliongeza bidii. Kila palipopambazuka baada ya siku ya soko, kabla wafagiaji hawajafika, alikuwa Kebirigo akikagua chini ya vibanda, tochi mkononi na gunia begani, akitafuta sarafu zilizoanguka. Ninyi nyote mnajua mtu anayekutwa barabarani saa hizo huitwa nini huku kwetu. Yeye pia alijua. Tulimwonya, akasema wenye maneno hawampi chakula.

Asubuhi moja ya Agosti mwaka wa 2009 vijana walimfuata hadi langoni wakiwa na petroli.

"Mama Marion, toka mlangoni," Ondieki, aliyekuwa mbele yao, alisema. "Tuna neno na mzee."

Mama hakutoka. Alilivuta gunia kutoka kwa mumewe, akalikung'uta uani. "Haya, tazameni. Mtachoma nyumba yangu kwa ajili ya vifuniko vya soda?"

Vilikuwa vifuniko vya soda, kijiko kilichopinda, kitana na sarafu chache. Vijana walitazamana. Mmoja akasema, "Huyu si mchawi jamani, huyu ni bahili tu," wakaanza kucheka. Hapo ndipo mwenye nyumba aliponyoosha kidole. "Ondieki, inua mguu. Umekanyaga shilingi kumi yangu."

Ondieki yuko hapa leo. Ndiye aliyewaongoza wachimbaji wa kaburi. Muulizeni.

Mnamo Novemba mwaka jana, ukoo wa Suneka uliomposa mjukuu wake Natasha, binti ya Marion, ulimtuma esigani, yaani mjumbe anayechunguza nyumba kabla ya ndoa. Kwa kuwa husemwa kwamba uchawi hupitia upande wa mama, hakuishia Kebirigo kwa baba ya msichana. Alifika hadi hapa Gesima, na mtu akamwambia kwamba babu hutembea gizani na gunia. Mazungumzo ya ndoa yakasimama hapo hapo.

Marion alimwomba baba yake aende Suneka akajieleze mwenyewe, akampa na nauli. Tarehe 22 Januari mwaka huu aliondoka nyumbani, akafika barabarani, akaona mabati ya zamani yaliyotupwa, akarudi nayo kichwani. Bati lenye kutu lilimkata kiganja.

"Baba, twende ukadungwe sindano ya pepopunda," Duncan alimsihi.

"Sindano inanunuliwa," alijibu. "Kidonda hupona bure."

Alikifunga kwa kitambaa cha kuokota. Taya lilipokaza alipelekwa hospitali Kisii, akaaga dunia Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Nauli ya Suneka ilikutwa mfukoni mwake.

Ameacha mjane, Bochaberi. Watoto Marion, Duncan na Maureen. Na wajukuu wanane, akiwemo Natasha, ambaye hajamkosea mtu yeyote.

Mzee Haron, esigani kutoka Suneka, tunakushukuru kwa kuja kulia pamoja nasi. Uliuliza huyu alikuwa mtu wa namna gani, na wewe ulikuwa na haki ya kujibiwa naye akiwa hai. Mchawi humtakia mwenzake jambo, hata kama ni baya. Baba yetu hakuwa na mtu aliyemtakia chochote; macho yake yalikuwa chini. Msichana asikose nyumba kwa sababu hiyo. Stoo yake ya vitu vya kuokota tumeifungua tangu asubuhi, na hatujaondoa hata msumari. Ingia utazame, ushike unachotaka kushika, kisha utoke utuambie mbele ya watu hawa ulichokiona. Tutakungoja. Jeneza halitashuka kabla hujasema.

Mungu amlaze Mzee Manasseh Nyamongo mahali pema.