Telesphor Rwechungura, Aliyepima Umeme kwa Watu

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Geofrey. Ilford, London, Februari 2025.

Telesphor alizaliwa tarehe 14 Agosti 1960, Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Deogratias na Ma Anastazia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha sekondari mjini Bukoba. Shule ya msingi haikuwa na umeme, kwa hiyo mwalimu wa sayansi aligeuza baiskeli miguu juu, wanafunzi wakapokezana kuzungusha pedali ili taa ya dainamo iwake. Telesphor alizungusha mpaka mkono ukaingia ganzi. Tangu siku hiyo hakuamini kwamba taa inawaka yenyewe. Mwaka 1984 alipata stashahada ya umeme, Dar es Salaam.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Winifrida, muuguzi, katika kanisa kuu la Bukoba. Walijaliwa Beatha na Projest. Winifrida alitangulia London mwaka 2001. Yeye akafuata 2003, wakaishi Ilford.

Kwa miaka ishirini alikuwa fundi umeme katika ghala moja huko Hayes, na huko ndiko alikoanza kuhesabu. Mtu mzima akikanyaga pedali kwa mwendo wa kawaida, alisema, hutoa wati sabini na tano. Basi mtu huyo akawa kipimo chake. Kikausha nywele kilikuwa watu ishirini na wanne, birika la umeme arobaini. Beatha akiwasha birika kwa kikombe kimoja, baba yake aliwapa hao arobaini pole ya kazi. Beatha alijibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni birika tu. Hita ya sebuleni ilikuwa haiguswi, na wageni walikaa na makoti yao.

Mwaka 2016, siku ya sherehe ya parokia, alileta baiskeli yenye dainamo kubwa na kuwaahidi waumini wote chai. Harish, mfanyakazi mwenzake, mzaliwa wa Kisumu, alikanyaga dakika ishirini na tano, shati likalowa chapachapa. Kikapatikana kikombe kimoja. Padre aliamuru apewe Harish, wengine wakanywa maji.

Aprili 2023 madaktari waligundua makovu kwenye mapafu yake, akaacha kazi. Novemba 2024 aliletewa nyumbani mashine ya oksijeni, iwake mchana na usiku. Akapiga hesabu: watu wanne kwa wakati mmoja, zamu tatu, kumi na wawili kwa siku, wote wakimhudumia mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti. Akawa anaizima mkewe akienda kazini. Siku moja Winifrida aliwahi kurudi, akamkuta midomo imebadilika rangi. Alikasirika sana, na aliogopa zaidi ya alivyokasirika, lakini hakubishana na tarakimu.

"Hesabu yako ni sawa, Baba Beatha," alimwambia. "Lakini nani kakwambia hao kumi na wawili wanalazimishwa? Hapa Ilford tu ningewapata kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza mimi."

Mashine haikuzimwa tena.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alisema anasikia baridi, akaomba hita iwashwe. Hakuwahi kuomba hivyo hata mara moja. Winifrida aliiwasha, akamuuliza ni watu wangapi.

"Ishirini na saba," alisema. "Waambie nimeshukuru."

Alifariki saa nne kasoro robo, mkewe amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu watano. Winifrida ameagiza ujumbe ule ufikishwe kwa kila aliyepika, aliyeendesha gari, aliyekaa naye wodini, na kila aliyesimama hapa leo kwenye baridi hii: Telesphor amewashukuru.

Bwana amweke mahali pa amani, apumzike.