Mfalme Ndani ya Kifurushi cha Samaki

Agosti 1951, treni ya Kamina, daraja la tatu. Mbele yangu kijana aliyejitaja kwa jina la Ngoie, mlinzi wa bohari ya kituo cha porini, alikariri majibu ya ekzame, mtihani wa ukarani wa kesho, kutoka gazeti kuukuu, kwa sauti, kana kwamba tumelipa nauli tumsikilize. "Mufalme wa Ubelgiji: Léopold!"

"Ule alishatoka, mwanangu," akasema mama muuza samaki aliyekaa pembeni yake. "Mwezi uliopita alimuachia mutoto wake kiti."

Mimi, niliyefundisha shule miaka kumi, nilidhani mfalme bado ni Léopold. Nikatazama dirishani.

"Mama, minyi niko nasoma gazeti. Weye unajua kusoma?"

"Hapana. Lakini niko na macho." Akafungua kifurushi, akahamishia samaki wakavu kwenye kitenge, akakunjua karatasi ya gazeti jipya iliyowafunga. Ilikuwa na picha ya kijana mwembamba mwenye miwani. Ngoie akasoma maneno ya chini, "mfalme mpya", mara mbili, kisha akatazama tarehe ya gazeti lake. Lilikuwa la mwaka jana.

"Na kama mwenye kusahihisha naye hajasikia? Nitakosa, mama!"

"Basi utamufundisha."

"Karani hafundishi wakubwa."

"Weye haujakuwa karani. Andika ule iko mu kiti leo."

Ngoie alikuwa bado anabisha treni iliposimama Kamina. Akaikunja karatasi ile taratibu, akaiweka kifuani chini ya shati jeupe, akashuka ananuka samaki, anatembea kama karani.