Muuaji Kaponyoka Mdomoni

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mwandishi wa hadithi za upelelezi alikuwa akikipigia debe kitabu chake kipya kwa fundi cherehani. Mkoba ulijaa nakala. Alilalamika kuwa tangu asubuhi hajauza hata moja.

"Kile cha kwanza nilimuua mpishi, mwenzangu. Hiki kafa mwokaji mikate. Nani kamuua? Nunua ujue!"

"Mumewe," fundi akabahatisha.

"Wote husema hivyo! Kumbe ni daktari wa mifugo, yule mpole..." Akajiziba mdomo. Maskini, mdomo umeponza kichwa.

Fundi akafungua pochi taratibu. "Samahani dada, honi imenizuia kusikia. Hebu nipe kimoja nikajisomee."

Basi likasimama, wakashuka. Nilikaa nyuma yao safari nzima, wala honi sikuisikia.