Mikdad Bilali Pazi, Nyapara Aliyejifunza Kuitikia Salamu

Kwa Mwenyezi Mungu tumetoka na Kwake tutarejea. Leo, Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, kabla ya jeneza kutoka hapa nyumbani Kaole kuelekea msikitini, familia inawasomea ninyi mliofika habari za maisha ya mpendwa wetu Mikdad Bilali Pazi. Marehemu aliagiza mwenyewe kwamba zisomwe na kaka yake, zisomwe polepole, na zisitiwe chumvi, kwa kuwa chumvi aliyoishughulikia duniani ilimtosha.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, katika kijiji hiki cha Kaole, wilaya ya Bagamoyo. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Bilali Pazi, mkulima wa minazi, na Bi. Mardhiya; kaka yake Rajabu alimtangulia kwa miaka mitano. Bi. Mardhiya alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyu alijua kuhesabu kabla ya kujua kuamkia. Wageni walipopiga hodi, watoto wengine walikimbilia kutoa shikamoo; Mikdad, akiwa na umri wa miaka mitatu, alisimama mlangoni akitazama miguu yao na kutangaza, “Wameingia wanne. Mmoja hana viatu.”

Alianza darasa la kwanza mjini Bagamoyo mwezi Januari 1963, na kila alasiri alihudhuria madrasa hapa kijijini. Alikuwa na hati nzuri na hesabu zisizo na kasoro, na alipofika darasa la sita akateuliwa kuwa kiranja. Kazi ya kiranja ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu anapokuwa nje. Siku moja mwalimu alirudi akakabidhiwa orodha ya majina thelathini na tisa. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini.

“Aliyebaki ni nani?” mwalimu akauliza.

“Ni mimi, Mwalimu.”

“Na hao thelathini na tisa ulikuwa ukiwanyamazisha kwa kutumia nini? Mimi nimesikia sauti moja tu tangu kule ofisini, nayo ni yako.”

Alipewa adhabu ya kufagia uwanja kwa wiki nzima. Marehemu alikiri baadaye kwamba aliufagia uwanja ule vizuri sana, akiamini kutoka moyoni kwamba ameonewa. Ilimchukua miaka ishirini na sita kuielewa adhabu hiyo.

Baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 1973 na kulitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa, aliajiriwa tarehe 2 Februari 1976 kuwa karani katika mashamba ya chumvi yaliyo kaskazini ya mji, upande wa kuelekea Saadani. Mwaka 1984 akapandishwa kuwa nyapara wa wavunaji. Hapakuwa na mtu aliyeijua chumvi kama yeye. Alitazama rangi ya maji katika jaruba akakuambia siku ya kuvuna, na hakukosea. Hata hivyo, mara tatu nafasi ya meneja msaidizi ilitokea na mara tatu akapewa mtu mwingine aliyefundishwa kazi na yeye. Kila mara alirudi nyumbani akiwa na maelezo kamili ya makosa ya waliomnyima.

Ijumaa ya tarehe 11 Aprili 1980 alikuwa amefunga ndoa na Bi. Shamsia binti Abdala wa Pangani, mwanamke mwenye subira na maneno machache. Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto watatu: Adila, Farhan na Shadya. Mambo ya nyumba yao, kule karibu na mashamba ya chumvi, yalikwenda kwa saa. Marehemu alipoingia alikagua mitungi, kuni na madaftari ya watoto, ndipo akaketi. Adila, mtoto wake wa kwanza, alipofika umri wa miaka kumi na miwili aliomba kwenda kuishi na bibi yake hapa Kaole. Baba yake aliandika katika daftari lake kwamba sababu ni ukaribu wa shule. Shule ilikuwa mbali zaidi.

Sasa imfikie kila mmoja habari ya mwaka 1994, ambayo marehemu aliagiza isirukwe.

Msimu huo wavunaji kumi na saba kati ya ishirini na sita waliacha kazi mmoja baada ya mwingine, wakaenda Kiwangwa kulima mananasi. Mwenye mashamba alimwita marehemu akamwambia bila kuzunguka: chumvi yake ni safi, lakini watu wanamkimbia, akishindwa kuwarudisha kabla ya msimu ujao, nafasi yake itachukuliwa. Miaka kumi na minane ya kazi ilikuwa inaning'inia juu ya jambo asilolijua jina lake. Alifungua daftari akaandika makosa ya wale kumi na saba: uvivu, utoro, kupenda mazungumzo.

Katika hali hiyo, Jumamosi tarehe 3 Septemba, mama yetu Bi. Mardhiya akafariki dunia.

Wengi wenu mnamfahamu Bi. Batuli, ambaye kwa miaka mingi aliwapikia wavunaji uji na maandazi pale pale mashambani. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyefika Bagamoyo na mzigo wa watu asirudi kwao. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana haki yake msibani: humwiga marehemu, huwaiga wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Siku ya tatu, watu wakiwa wamejaa uani, Bi. Batuli alitoka chumba cha ndani amevaa kofia ya Mikdad, kalamu ameichomeka sikioni, saa ya mkononi ameivaa juu ya mkono wa gauni. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

Wakati huo huo lori likasimama njiani. Wakashuka wale wavunaji kumi na saba, wametoka Kiwangwa na mihogo na mananasi kuja kumpa pole nyapara wao wa zamani. Mbele alikuwa Abuu, kijana aliyeacha kazi akiwa wa kwanza.

“Shikamoo, nyapara,” Abuu alimwambia Bi. Batuli, akiuingia utani ule mara moja.

Bi. Batuli hakumtazama. Aligonga kioo cha saa kwa kalamu. “Toroli la tatu liko wapi?”

“Nyapara, nimefiwa.”

“Umefiwa na wangapi?”

“Na mmoja.”

“Mmoja tu? Basi utarudi saa nane. Na ninyi wengine, nani kawaruhusu kulia kabla ya saa nne?”

Ua mzima uliangua kicheko. Wavunaji walishikana mabega. Adila alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alimtafuta mke wake kwa macho ili apate mtu mmoja asiyecheka, akamwona Bi. Shamsia amejiziba uso kwa kanga, na mabega yake yanatikisika.

Marehemu alisema baadaye kwamba maneno yale hayakuwa ya kubuniwa. Aliyakumbuka yote, na siku aliyoyasema. Abuu alikuwa amefiwa na dada yake mwezi Mei mwaka ule.

Watu walipotawanyika alimwuliza mke wake, “Mama Adila, hivyo ndivyo nilivyo?”

Bi. Shamsia alikunja mkeka kwanza, akausimamisha ukutani. “Baba Adila,” akasema, “Batuli kakupunguzia.”

Asubuhi yake marehemu alikwenda mpaka kwenye sufuria ya uji. “Mtani,” akamwambia Bi. Batuli, “rudia yale ya jana. Rudia yote, polepole.”

“Ala! Mzaramo wee, utani una mahali pake. Unadhani mimi redio, unanifungua unapotaka?”

“Na wewe Mnyamwezi, babu yako alikuja na mzigo kichwani, wewe umeuhamishia mdomoni. Niambie basi, nifanye nini?”

“Uliponijia hapa ulinisalimu?”

Marehemu akarudi nyuma hatua kumi (alizihesabu), akaja upya, akasema, “Umeamkaje, Bi. Batuli?” Na hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake ya kwanza darasani.

Ilikuwa ngumu. Kwa wiki nzima alisimama langoni nusu saa kabla ya kazi akiitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani. Wale tisa waliobaki waliingiwa na hofu, na mmoja wao akaenda kufunga mizigo yake, kwa kuwa aliamini salamu ya nyapara haiwezi kuwa na maana nyingine isipokuwa notisi. Hasira nayo haikumwisha kwa siku moja. Akabuni dawa yake: kila alipoona neno kali linamjia, aliokota punje ya chumvi akaiweka chini ya ulimi, na hakufungua kinywa mpaka iyeyuke. Wavunaji walijifunza kuutazama mdomo wake. Walinong'onezana, “Subirini kidogo, bado ipo.” Aligundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba chumvi ilipokwisha kuyeyuka mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amekwisha kueleza jambo ambalo yeye hakulijua. Toroli la tatu, kwa mfano, lilichelewa siku zote kwa sababu gurudumu lake lilikuwa limepinda tangu mwaka 1989. Waliokwenda kumwambia alikuwa amewaandika kwenye daftari kuwa wapenda mazungumzo.

Mwezi Novemba alikwenda Kiwangwa mwenyewe. Hakwenda kuwaomba warudi. Alikwenda kumpa Abuu pole ya dada yake, iliyochelewa miezi sita, akakaa naye kuanzia adhuhuri mpaka alasiri bila kutazama saa. Msimu ulipofunguka, kumi na wanne kati ya kumi na saba walikuwa langoni. Mwenye mashamba aliuliza amewapa nini. Marehemu alijibu kwamba amewapa kile walichokuwa wakimpa yeye kila asubuhi kwa miaka kumi. Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa meneja msaidizi, na mwaka 2001 meneja, akaishika kazi hiyo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2015. Adila alirudi nyumbani kabla ya hayo yote, wiki mbili tu baada ya arobaini ya bibi yake, siku baba yake alipoingia hapa Kaole, akaketi, na hakukagua kitu.

Tangu mwaka 1995, kila mavuno yalipofungwa, marehemu alimkabidhi Bi. Batuli kofia na kalamu mbele ya wavunaji wote, na agizo lilikuwa moja: “Usinipunguzie.” Naye hakupunguza. Mwaka 2003 alimwiga akisalimia kwa kirefu mno: habari za mama, za mtoto, za mbuzi, za jirani wa mbuzi, mpaka maji ya chumvi yakakauka jarubani. Marehemu alicheka, akaandika, na msimu uliofuata akafupisha. Katika daftari lile lile la makosa, kila ukurasa kuanzia Septemba 1994 unaanza na jina moja kabla ya mengine: Mikdad Bilali Pazi.

Baada ya kustaafu aliwafundisha vijana wanaoanza kazi, wa hifadhini Saadani, wa hotelini na wa maofisini, kila Jumamosi katika ofisi ya kijiji, bila malipo. Zoezi lake la kwanza lilikuwa kila mmoja aandike makosa matatu ya mwenzake. Karatasi zilijaa mara moja. Kisha akasema, “Sasa andikeni yenu,” na chumba kikawa kimya. Alikuwa akiwaambia, “Kimya hicho ndicho tulichokuja kukisoma.”

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na daktari akamkataza chumvi. “Daktari,” akasema, “hii yangu si ya kula, ni ya kunyamazia.” Walikubaliana kwa mbegu ya ubuyu. Tarehe 20 Januari 2025 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea kauli na nguvu ya mkono wa kulia. Bi. Batuli alikuja kumjulia hali, akaketi kando ya kitanda, akavaa ile kofia, akagonga saa kwa kalamu, akauliza toroli la tatu liko wapi. Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa uso, kisha akazungusha kidole hewani. Bi. Shamsia alielewa na kumtafsiria: “Anasema rudia.” Safari hiyo alirudia, mara nne.

Aliaga dunia hapa nyumbani jana, Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi miwili na siku ishirini na tisa.

Ameacha mke, Bi. Shamsia, watoto watatu, Adila, Farhan na Shadya, wajukuu saba, kaka mmoja, Rajabu, na mtani mmoja, Bi. Batuli. Jana jioni Bi. Batuli alimwambia mfiwa kwamba leo hataweza, kwamba hawezi kumwiga mtu aliyemwamkia kila siku kwa miaka thelathini. Bi. Shamsia hakubishana naye. Alimletea daftari akamfungulia ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwa hati ya mkono wa kushoto uliokuwa bado ukijifunza: “Siku yangu, Batuli asinipunguzie.” Kofia, kalamu na saa viko pale kwenye kiti cha mbele. Karatasi hii ikishawekwa chini, uwanja ni wake, na wafiwa wameruhusiwa kucheka.

Na tutakapofika makaburini, tusitangulize neno lingine lolote. Tumpe salamu kwanza. Mwenyezi Mungu amwitikie kwa rehema Zake, na mja Wake Mikdad alale salama.