Mama Adelgunda, Hatua Kumi na Tano Nje ya Utepe

Tarehe 31 Desemba 1957, akishagawa uji wa asubuhi, Mama Adelgunda Kokubanza atavua aproni yake na kuitundika kwenye msumari aliopewa tarehe 1 Februari 1928. Hiyo ni miaka ishirini na tisa na miezi kumi na moja ya kazi katika jiko na bweni la Shule ya Wasichana ya Misheni, hapa hapa Nyakasimbi. Msumari umebadilishwa mara mbili. Yeye hajabadilishwa hata mara moja.

Kamati ya kumuaga imeniomba wasifu huu uwe wa maneno mia tatu. Mimi ni mtu wa darasa la nne, sikatai, lakini nimefika Mombasa, nimefika Kolombo, nimefika Burma na kurudi na miguu yote miwili, na kote huko sijaona mtu wa miaka thelathini ya kazi akitoshea katika maneno mia tatu. Kamati inisamehe. Karatasi ni zao, na wino nao ni wao.

Mama Adelgunda alikuja kutoka Ndama akiwa mjane kijana, na kikapu kimoja kichwani. Shule ilikuwa na wasichana kumi na mmoja, paa la nyasi na sufuria moja iliyotoboka. Aliiziba sufuria kwa kitambaa na unga uliokandwa, akapika ndizi na maharage, na jioni hiyo Sista Mkuu wa wakati ule akamwambia akae mpaka Pasaka. Pasaka hiyo hawakutaja ya mwaka gani.

Hakujua kusoma. Alijifunza kwa kukaa nyuma ya darasa la kwanza, mwiko mkononi, huku maharage yakiiva. Mwaka 1934 mkaguzi mmoja aliwauliza wasichana Mto Kagera unamwaga maji yake wapi, wakanyamaza wote kama samaki. Jibu likatoka nyuma, kwenye harufu ya vitunguu: “Ziwani, waitu, bwana wetu, na ukichelewa kidogo maharage nayo yataungua.” Mkaguzi aliandika kitabuni kwamba darasa lina mwanafunzi mmoja hodari, umri haujulikani.

Tangu 1940 amekuwa mama wa bweni, lakini jiko hakuliacha. Amelea wasichana zaidi ya elfu moja. Amewauguza surua, amewachana nywele, amewatafutia ndala za kwendea kanisani. Chumvi yake imekuwa nyingi kwa miaka yote hiyo, na kila aliyemwambia alijibiwa: “Nenda kapike kwenu, kisha uniletee nionje.” Mimi nilimwambia mara moja tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu hapa anadai aliliona, na ambalo mimi peke yangu, pamoja na lori langu, tulilishuhudia kwa macho yetu. Naam, lori nalo lina macho mawili, ingawa siku hizo moja lilikuwa bovu.

Mwaka 1951 sufuria ya maziwa ilikuwa motoni, naye Mama yuko kisimani. Akaona povu linapanda, akapiga yowe. Msichana mmoja aliyekuwa akianika nguo mwisho wa mibuni alitupa shuka, akakimbia, akaiepua sufuria kabla hata tone halijamwagika. Mama aliweka mtungi chini akamtazama. Kesho yake alipima kwa hatua zake: kutoka mwisho wa mibuni mpaka jikoni ni yadi mia na kitu. Tangu hapo hakuhitaji saa. Kila asubuhi alibandika maziwa, akamweka yule msichana mwisho wa mibuni, na povu likianza kunyanyuka akaita. Kwa miaka miwili hatukunywa maziwa yaliyofoka.

Msichana huyo ni Adventina, binti wa Mzee Muhangi, mfugaji wa kule nyikani Kyerwa. Alishinda Bukoba, akashinda Mwanza, na mwaka 1953 akachaguliwa kuikimbilia Tanganyika, yadi mia za wanawake, katika mashindano ya nchi jirani kule Kampala. Lakini Mzee Muhangi alikuwa amekwisha kuja kumchukua. Alikuwa na mchumba wa kumpa, na shule ameiona inatosha. Mama Adelgunda alimpigia magoti uani, akamwomba mwezi mmoja tu.

“Mbio hata ndama wangu wanazo,” alisema mzee, “na sijamwona aliyesoma kwa ajili ya mbio. Haya, mpeleke. Akirudi na kitu ninachoweza kukishika mkononi, atasoma mpaka achoke mwenyewe. Akirudi mikono mitupu, utamleta nyumbani wewe mwenyewe, kwa miguu yako.”

“Nitamleta, tata,” alijibu Mama, kama anavyomwita baba kila mzee wa kwetu. Kisha akaingia jikoni, na siku ile chumvi ilizidi kuliko siku zote.

Niliwapeleka mimi. Wengine husema safari ilikuwa ya siku tatu kwa sababu ya dereva. Ilikuwa ya siku tatu kwa sababu ya springi. Tulivuka Kagera, tukalala Masaka, tukafika Kampala na robo debe la senene wakavu, wale panzi wetu wa kukaanga, na Waganda wa uwanjani wakatupokea kama ndugu waliopotea, maana mwenye senene si mgeni popote.

Asubuhi ilikuwa mbio za mchujo, watatu wa kwanza wanaingia fainali. Bunduki ikalia. Adventina, peku, na sketi ndefu aliyoshonewa na masista, aliwaacha wenzake kama waliopandwa ardhini. Nilikuwa nimesimama juu ya boneti ninapiga kelele. Zilibaki hatua nne.

Pale kwenye utepe, kando kidogo, alisimama mzee mmoja wa Kiganda, mwamuzi, kanzu nyeupe, koti jeusi, mkongojo mkononi, mvi tupu. Adventina akamwona. Nanyi mnajua mtoto wetu amelelewaje. Huwezi kumpita mzee kama huyo kama upepo, kwa mgongo, bila neno. Akapunguza mwendo, akapiga magoti yote mawili, akamwamkia.

Kibaya zaidi, kwao nao wanawake hupiga magoti. Yule mzee hakuweza kuiacha salamu ya mtoto ikaanguka chini. Akainama, akaipokea, akauliza habari za nyumbani, akauliza za wazazi, huku wasichana wawili wakipita vumbi tupu. Uwanja mzima ukapiga kelele. Adventina alijibu wazazi wazima, akainuka, akavuka wa tatu, kwa upana wa kidole.

Bwana mmoja wa timu yetu alikuja amewiva kwa hasira. “Mwambie huyu mtoto kwamba uwanjani hakuna shikamoo!”

“Bwana,” Mama alimwambia, “nimwambie leo asiwaheshimu wazee, kesho nimrudishe kwa babaye na maneno hayo? Afadhali nimrudishe mikono mitupu.” Lakini nilimwona anasokota ncha ya khanga. Moyoni alikuwa anamwona Mzee Muhangi amesimama uani.

Alikwenda kwanza kwa mwamuzi, aliyekuwa ametoka nje ya uwanja kupumzika, akapiga magoti, akamwomba asogee, au basi asikasirike akipitwa bila salamu. Mzee alicheka mpaka mkongojo ukatetemeka. “Mwanangu, nimewekwa hapa nitazame utepe. Nikisogea, atautazama nani?”

Basi Mama akarudi, akamshika Adventina mabega. “Nani aliyekulea miaka hii?”

“Ni wewe, Mama.”

“Basi salamu zako zote za leo niwekee mimi kwanza. Nitasimama nyuma ya yule mzee. Ukishaniamkia mimi, rudi umwamkie yeye, hatakasirika, nimekwisha kumwomba. Kabla yangu usimwamkie mtu, hata akiwa askofu.”

Shida ilikuwa kuingia. Askari walikuwa wamezunguka uwanja na hawampitishi mtu asiye na kitambaa cha kazi mkononi. Hapo ndipo uzoefu wangu wa dunia uliposaidia. Nilimpa birika langu, lile nililotoka nalo Burma, nikamwambia: mwenye birika hupita popote, nimeona majenerali wakimpisha. Mama Adelgunda alifunga aproni, akainua birika, akapita katikati ya askari watatu, na mmoja akamwambia, “Upesi, mama, wakubwa wanasubiri chai.” Akahesabu hatua kumi na tano nje ya utepe, akasimama. Birika halikuwa na hata tone.

Fainali ilikuwa na wasichana sita. Bunduki ilipolia Adventina alitoka wa mwisho, kwa sababu alikuwa bado anahakikisha Mama yuko wapi. Alipomwona, alikuja. Ndugu zangu, nimeona magari, nimeona treni, nimeona ndege ya vita ikishuka, lakini ule mwendo ulikuwa mwendo wa maziwa yanayopanda povu. Akampita wa tano, wa nne, wa tatu, wa pili. Msichana mmoja wa Kenya, mrefu, miguu kama ya korongo, alikuwa mbele yake kifua kimoja tu. Wakaufikia utepe. Yule mzee, Mungu amrehemu popote alipo, aligeuza uso akatazama pembeni ili mtoto asimwone macho.

Adventina alivuka wa pili, wala hakujua, wala hakusimama. Alikwenda hatua zote kumi na tano, akaanguka magotini mbele ya birika, akaamkia. Mama akaipokea salamu yote, akauliza habari za nyumbani kana kwamba hakuwa amelala naye chumba kimoja. Kisha mtoto akainuka, akarudi, akampigia magoti mwamuzi. Uwanja ambao asubuhi ulikuwa umempigia kelele, sasa ukasimama. Halafu wanawake waliokuwa kwenye nyasi wakaanza vigelegele.

Medali ilikuwa ya fedha, na utepe wa bluu. Tuliporudi, Mzee Muhangi alikuwa uani tangu asubuhi. Aliiweka kiganjani, akaipima juu chini kama anayepima siagi.

“Ni ya ngapi hii?”

“Ya pili, tata,” Mama alisema. Hakusema uongo hata hapo.

“Nani alimtangulia?”

“Msichana wa Kenya.”

Mzee alifunga kiganja. “Basi arudi darasani,” alisema, “mpaka atakapompata.”

Hajampata bado, lakini shule imempata yeye: tangu Januari, Mwalimu Adventina anafundisha darasa la tatu shuleni petu, na asubuhi anaonekana mwisho wa mibuni na wasichana kumi na wanne. Kila mwaka wazazi wa nyikani huleta mabinti wao, na wa kwanza kuwaleta wajukuu zake alikuwa Mzee Muhangi.

Siku ya kumuaga Mama, saa nne asubuhi, wasichana hao watakimbia yadi mia kutoka mibuni hadi lango. Tumemwomba kazi moja ya mwisho: asimame hatua kumi na tano nje ya lango, na birika nimelisugua mwenyewe. Safari hii limejaa chai.

Asante, Mama Adelgunda, kwa uji, kwa ukali, na hata kwa chumvi. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa kivulini, maziwa yasiyofoka, na mlango usiokosa mtu wa kukuamkia. Wewe tangulia tu, usimame mahali tunapokuona. Sisi tunakuja mbio.

Egbert Kato,
dereva wa lori la misheni